Kufunga lokibolti kwenye chesisi ya lori: mwongozo kamili, kuanzia kupima mpaka kufagia mikia

Ingia chini ya lori la Kimarekani, yale ya mtumba yanayopanda mlima Kitonga kila siku, umulike tochi pale krosimemba, kile chuma cha kukingama kati ya pande mbili za chesisi, inaposhikana na chesisi. Ukiona nati yenye pembe sita, hiyo ni bolti ya kawaida. Ukiona kikofia cha chuma cha mviringo kisicho na pa kushika spana, na katikati yake inachungulia ncha ya pini iliyokatika, uso wake wa kijivu una chembechembe kama muwa uliovunjwa, basi hiyo ni lokibolti. Hapo boksi zima la spana halikusaidii kitu.

Kwenye karakana yetu tunaiita "haki", kutokana na Huck, jina la kampuni ya Marekani lililozoeleka kwa aina hii ya vifungio. Utani wake hauishi: lori lililofungwa vibaya tunasema halijatendewa haki. Vifungio hivi vilianzia kwenye ndege, vikahamia kwenye mabehewa ya reli, matela, madaraja na machekecheo ya migodini, yaani kila mahali panapotetemeka mchana na usiku.

Nitaeleza kazi moja tu, kubadilisha brakati (vishikizo) mbili za krosimemba zenye pini sita kila moja, kipenyo inchi 5/8. Ukiielewa hiyo, nyingine zote ni kubadilisha vipimo.

Kwanza ujue kinachotokea ndani yake

Lokibolti ni vitu viwili, pini na kola. Pini ina kichwa, halafu shina, halafu mifuo ya kufungia, halafu shingo nyembamba iliyochongwa makusudi iwe dhaifu kuliko sehemu nyingine yoyote, na mwisho mkia wenye mifuo ya kuvutwa. Kola ni kipande kifupi cha bomba, chuma chake ni laini kuliko cha pini, na mara nyingi ina ukingo mpana upande mmoja. Haina nyuzi kama za nati.

Bunduki inaushika mkia kwa taya zake na kuuvuta, huku fuawe iliyo kwenye pua yake ikiisukuma kola upande wa pili. Vyuma vinakutana kwanza. Nguvu ikizidi, fuawe inapanda juu ya kola na kuiminya, na chuma cha kola kinaingia kwenye mifuo ya pini kama unga wa chapati unavyoingia kati ya vidole. Kola inapominywa inarefuka, na kurefuka huko kunaongeza mvuto kwenye pini. Mwishoni shingo inashindwa. Tah! Mkia unabaki kwenye bunduki, kola imeshaganda.

Kwa hiyo shingo ndiyo mzani. Nguvu ya kuikata ilipangwa kiwandani, haijui kama fundi amelala vizuri au amekunywa chai. Linganisha na nati: ukikaza nati kwa spana, takriban asilimia 90 ya jasho lako huliwa na msuguano wa nyuzi na wa uso wa nati, na asilimia 10 tu ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kubana. Kutu kidogo au tone la mafuta hubadilisha hesabu yote, na ndiyo sababu hata spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inaweza kukuacha na tofauti ya asilimia 30 kati ya bolti na bolti. Tena, mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kuwa bolti hulegea hasa vyuma vinapoteleza kwa ubavu, kushoto na kulia, na nati ikapata nafasi ya kujizungusha kurudi ilikotoka. Mifuo ya lokibolti ya kawaida ni pete zilizopangana, haikuzunguka kama ngazi ya mnara. Kola haina njia ya kurudia.

Lakini mzani huo una upofu. Haujui kama tundu limepanuka, kama kuna uchafu kati ya vyuma, au kama pini uliyochagua ni ndefu kuliko kazi. Shingo itakatika vilevile, kwa mlio uleule, na mwenye lori atakupigia makofi. Ndiyo maana hapa chini maneno mengi yatakwenda kwenye mambo ya kabla ya kubonyeza triga.

Vifaa

Unahitaji bunduki ya kuvutia inayolingana na kipenyo cha pini, pamoja na pua yake. Pua haichanganywi: ya 5/8 ni ya 5/8, na pua ya aina moja ya kola haiwi ya aina nyingine hata kama inaingia. Kwa pini ndogo kuna bunduki zinazotumia hewa ya kompresa, kwa kawaida psi (pauni kwa inchi ya mraba) 90 mpaka 100. Kwa pini nene za chesisi utahitaji pampu ya haidroliki yenye mipira yake, na humo shinikizo ni la maelfu ya psi. Presha ya kuvuta na ya kurudisha iweke kama kitabu cha bunduki yako kinavyosema, si kama jirani anavyoweka yake.

Kando ya hapo, uwe na grinda yenye diski nyembamba, patasi, nyundo na panchi ndefu, vernia, geji ya mshiko na geji ya kola za aina unayofunga, bolti za muda zenye nati, biti za kobalti, brashi ya waya, stendi za kuegemeza chesisi, miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Miwani si ya mshika bunduki peke yake. Saidia fundi aliyekaa upande wa pili akisukuma kichwa cha pini ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

Kutoa za zamani

Egemeza chesisi pande zote mbili kwanza, uzito usiwe unaning'inia kwenye pini unazotaka kuzitoa. Pini yenye mzigo haitoki kwa nyundo, na ikitoka ghafla brakati inakufuata.

Kola hukatwa kwa urefu wake, kuelekea kwenye kichwa cha pini. Kuna vifaa vya haidroliki vya kuipasua mara moja. Ukiwa na grinda, chana kola mpaka ibaki ngozi nyembamba, usikate mpaka kwenye pini wala usiguse bamba la chesisi. Kisha weka patasi kwenye mkato huo, piga, kola itafunguka kama ganda la korosho. Zile ngumu huhitaji mkato wa pili upande wa pili. Halafu panchi na nyundo, pini inatoka kurudi kwa upande wa kichwa.

Moto wa gesi usiulete hapa. Najua ni haraka. Chesisi za malori mengi makubwa ni chuma kilichopikwa kiwandani ili kiwe na nguvu, na moto unaiondoa nguvu hiyo mahali palepale patakapobeba mzigo. Nimeona chesisi ikiwa na ufa unaoanzia kwenye tundu lililotolewa bolti kwa gesi, ukapanda mgongoni kama mshipa.

Pini na kola zilizotoka ni chakavu. Hakuna kuzirudisha.

Tundu na nyuso

Sasa chukua vernia, pima kila tundu kwa njia mbili, wima na mlalo. Kwa pini za aina hii kwenye chesisi, tundu huwa limezidi kipenyo cha pini kwa 1/16 ya inchi: pini ya 1/2 kwenye tundu la 9/16, pini ya 5/8 kwenye tundu la 11/16, pini ya 3/4 kwenye tundu la 13/16. Kwa hiyo hapa kwetu tunatarajia karibu milimita 17.5. Vipimo viwili vikitofautiana, yaani tundu limekuwa yai, maana yake brakati ilikuwa inacheza muda mrefu kabla haijaletwa kwako. Usilifunike kwa kola na kujifanya hukuona. Likuze kwa biti mpaka likubali pini ya saizi inayofuata, uhakikishe umbali kutoka ukingo wa bamba bado unatosha kwa mujibu wa kitabu cha lori.

Ukilazimika kutoboa tundu jipya, toboa mgongo wa chesisi, yaani bamba lake la wima, kamwe usitoboe ubawa wa juu wala wa chini, kwa kuwa huko ndiko mvutano unakokuwa mkubwa chesisi inapojipinda. Brakati na chesisi zitobolewe zikiwa zimebanwa pamoja ili matundu yakutane. Tundu lililolazimishwa kukutana kwa kupigilia panchi litaiminya pini kwa ubavu tangu siku ya kwanza.

Baada ya biti kupita huwa kunabaki ncha kali ukingoni. Zipanguse pande zote mbili za kila bamba, pamoja na pande zinazokutana ndani, ambazo wengi huzisahau kwa kuwa hazionekani baadaye. Kipande kidogo cha chuma kikikaa kati ya mabamba mawili hukaa kama kokoto ndani ya kiatu.

Rangi nayo. Wateja wanapenda brakati iwe imepakwa rangi nzito inayong'aa kabla ya kufungwa. Rangi nene kati ya vyuma itaminywa polepole kwa siku kadhaa, na kila inapopungua, nguvu ya kubana inapungua nayo. Kwenye nyuso zinazokutana acha chuma kisafi au rangi nyembamba ya msingi tu. Mapambo yatakuja mwishoni, juu ya kazi iliyokamilika.

Kupima mshiko

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usiniharakishe.

Mshiko ni jumla ya unene wa vyuma vyote vilivyo kati ya kichwa cha pini na kola. Chesisi ikiwa milimita 8 na brakati milimita 10, mshiko ni milimita 18. Ukiongeza bamba la kujazia la milimita 3, ni 21. Wosha, ile pete bapa, nayo inahesabiwa, kama ipo.

Pini nyingi za asili ya Marekani huandikwa namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni kipenyo kwa sehemu za 32 za inchi, hivyo 20 ni 20/32, yaani 5/8. Ya pili ni mshiko kwa sehemu za 16 za inchi, hivyo 12 ni 12/16, takriban milimita 19. Milimita zetu 18 zikigeuzwa ni kama 11.3 za sehemu za 16. Kila namba ya mshiko ina masafa yake, kima cha chini na cha juu, na jedwali la mtengenezaji ndilo linalokwambia masafa hayo. Kwa kazi hii namba 12 inatufaa. Usikisie kwa kuangalia pini ya zamani iliyotoka. Huenda aliyekutangulia naye alikisia.

Geji ya mshiko ni kipande cha chuma chenye ndoano mwishoni na alama zimechorwa ubavuni. Unaipitisha kwenye tundu, ndoano inakamata upande wa nyuma, unaivuta kidogo, halafu unasoma namba pale inapotokea upande wako. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja na ndicho kinachokosekana kwenye karakana nyingi. Pima ukiwa umeshabana vyuma vikakutana. Ukipima vikiwa vimeachana milimita 2, umepima hewa.

Nilijifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo niliwahi kufunga krosimemba ambayo brakati yake ya asili ilikuwa imepasuka, tukachongewa nyingine mtaani kwa bamba la milimita 6. Chesisi 8, brakati 6, jumla 14. Mimi nikachukua pini zilezile za namba 12 kwa sababu zilikuwa kwenye boksi na ndizo zilizokuwa zimefungwa mwanzo. Zilikatika zote kwa mlio safi, nikaridhika. Lori likaenda Tunduma na kurudi, likaenda tena. Liliporudi mara ya tatu, kuzunguka kila kola kulikuwa na unga wa rangi ya kahawia nyekundu, umechuruzika kuelekea chini kama machozi ya wanja. Unga huo ni chuma kikisagana na chuma. Ukiuona popote kwenye chesisi, pale pameachia.

Kilichotokea ni rahisi. Pini ilikuwa ndefu kwa kazi ile, kwa hiyo kola haikukaa yote kwenye mifuo, sehemu yake iliminywa juu ya shina ambako hakuna cha kushika. Makosa ya kinyume chake, pini fupi, yanajionyesha mapema: kola inaufunika mkia mno, taya zinapata mifuo michache ya kukamata, na shingo inakatikia ndani ya kola. Pini ndefu ndiyo inayodanganya, maana inakwenda vizuri mkononi.

Kubana kwa muda

Panga brakati mahali pake. Kwa pini sita, weka bolti za muda kwenye matundu mawili yanayokabiliana kwa pembe, kaza mpaka hata karatasi nyembamba isipite kati ya bamba na bamba. Lokibolti ina nguvu ya kuvuta vyuma vilivyoachana, hilo ni kweli, na wauzaji hupenda kulisema. Ila nguvu inayotumika kunyoosha bamba lililopinda haibaki kuwa nguvu ya kubana. Bamba lililopinda linyooshwe kwenye meza ya kazi, si kwa pini.

Kuvuta

Ingiza pini kutoka upande ambao bunduki haitakaa. Kabla ya kuchagua upande, jaribu bunduki ikiwa tupu: je, pua inafika ikiwa imenyooka, bila kugonga mpira wa breki wala tanki la hewa? Mara nyingi upande wa ndani wa chesisi hauna nafasi, kwa hiyo kichwa hukaa ndani na kola hukaa nje.

Vaa kola juu ya mkia, ukingo wake mpana ukielekea kwenye chuma. Kola iliyogeuzwa ni kosa la siku ya kwanza la kila mwanafunzi, tena haifichiki. Kola nyingine zina kijino ndani kinachoizuia isidondoke ukifunga kwa kutazama juu. Usizioshe kola kwa petroli wala dizeli hata kama zina utelezi mkononi. Utelezi huo ni wa makusudi, umepakwa kiwandani ili fuawe ipite juu yake bila kukwaruza, na ukiutoa unabadilisha nguvu inayohitajika kuiminya.

Sukuma pua ya bunduki kwenye mkia mpaka fuawe iguse kola. Bunduki isimame wima kwa bamba. Ikilala hata kidogo, kola itaminywa upande, na taya zitaivuta pini ikiwa imepinda. Msaidizi akandamize kichwa cha pini kikae sawasawa, kisha aondoe mkono. Asiweke kidole kati ya pua na chuma, wala kati ya kichwa na chuma. Vyuma vinapokutana vinakutana kwa tani kadhaa. Mtu yeyote asisimame nyuma ya bunduki wala mbele yake usawa wa pini. Bunduki nyingine hutema mkia kwa nyuma, nyingine kwa mbele, na mkia huo ni risasi butu ya chuma kigumu.

Bonyeza triga na uishikilie. Utaona pua ikitambaa juu ya kola, polepole, kisha tah. Achia triga sasa. Pistoni ya ndani inarudi, fuawe inajisukuma kutoka kwenye kola, mkia unatoka. Ukiachia triga kabla ya shingo kukatika, usiache hivyo: shika tena umalizie. Kama bado haikatiki, simama, nenda sehemu ya bunduki kugoma hapo chini. Kugongagonga triga mara kumi kunaumiza taya, hakukati shingo.

Anza na pini za katikati, au zile zilizo karibu na sehemu ngumu zaidi ya brakati, ukielekea nje. Zikifungwa nne, toa bolti za muda, weka pini mbili zilizobaki. Hamia brakati ya pili.

Kuna aina mpya kidogo isiyokatika, inayouzwa kwa jina la BobTail. Mkia wake ni mfupi, unabaki kwenye pini, na bunduki yenyewe ndiyo inayosimama kola ikishaminywa. Haina mlio wala takataka, wala uso uliokatika ambao kutu ingeanzia hapo. Bunduki na pua zake ni tofauti, kwa hiyo usinunue pini zake eti kwa sababu kipenyo kinafanana.

Kukagua

Uzuri wa kifungio hiki ni kwamba ukaguzi wake ni wa macho na geji, hauhitaji torki. Piga magoti, tazama kila kola kwa ubavu. Inatakiwa iwe imeminywa kuzunguka kote kwa usawa, na alama ya fuawe ionekane ikiwa imeshuka mpaka karibu na ukingo mpana. Kola iliyominywa nusu huonekana kama mtu aliyefunga mkanda kifuani. Geji ya kola ina pande mbili: mmoja unatakiwa upite juu ya kola iliyominywa vizuri, wa pili usipite. Kisha tazama ncha ya pini iliyokatika, imechomoza au imezama kiasi gani kwenye kola, ulinganishe na jedwali. Pitisha karatasi nyembamba chini ya kichwa na chini ya kola. Ikiingia, kata, rudia.

Hakuna "kukaza kidogo" hapa. Lokibolti imefungwa au haijafungwa. Iliyokosewa inachanwa kola na kutupwa.

Bunduki ikigoma

Taya zikiteleza kwenye mkia, mara tisa kati ya kumi meno yamejaa chembe za chuma. Fungua pua, toa taya, yasugue meno kwa brashi ya waya ndogo, zioshe, zikague. Meno yakiwa yameviringika, badilisha taya zote kwa pamoja, siyo moja.

Shingo isipokatika, angalia presha kwanza, kisha kiwango cha mafuta, kisha kama kuna hewa kwenye mpira wa haidroliki. Bunduki nyingi za Huck hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale mekundu. Usijaze mafuta ya breki. Shingo ikikatika kabla ya kola kuminywa yote, shuku mchanganyiko: kola ya aina moja na pini ya aina nyingine, au fuawe ambayo si yake. Bunduki ikinasa juu ya kola baada ya kukata, presha ya kurudisha ni ndogo au fuawe imelika ndani.

Mafuta yakivuja kwenye mpira wa haidroliki, usitafute tundu kwa kidole. Tumia kipande cha boksi. Mafuta ya presha ile hupenya ngozi yakaacha kitundu kama cha sindano, hakiumi sana saa ya kwanza, na kidole kinaweza kupotea. Aliyechomwa apelekwe hospitali muda huohuo na aseme wazi kuwa ni mafuta ya haidroliki.

Kama huna bunduki

Bunduki ya 5/8 ni ghali, na karakana nyingi za barabarani hazina. Kitabu cha lori kikiruhusu, unaweza kurudishia bolti ya kipenyo kilekile, daraja la 10.9 au Grade 8, pamoja na nati ya kujifunga ya daraja hilohilo, ukaze kwa torki iliyoandikwa. Ichague bolti ambayo shina lake lisilo na nyuzi linapita kwenye vyuma vyote, ili nyuzi zisibebe mzigo wa kukatwa kwa ubavu. Badilisha zote za brakati nzima badala ya kuchanganya moja moja. Na umwambie dereva ukweli: hizi zitakaguliwa torki akirudi safari ya kwanza, tofauti na zile alizokuwa nazo. Kuchomelea brakati kwenye chesisi si mbadala, tumeshazungumza kuhusu moto.

Kumaliza

Paka rangi kola, vichwa na zile ncha zilizokatika, maana chuma chake pale kiko wazi na kutu huanza siku ya kwanza, hasa lori likilala bandarini Dar au Mombasa. Andika kwenye daftari la gari: tarehe, brakati ipi, kipenyo, namba ya mshiko. Atakayefungua baada yako atakushukuru, na huenda ni wewe mwenyewe.

Kisha chukua ufagio. Ulifunga pini kumi na mbili, kwa hiyo sakafuni kuna mikia kumi na miwili. Iokote uihesabu. Ikitimia kumi na mmoja, fungua pua ya bunduki uangalie ndani. Kama haumo, usimruhusu dereva arudi nyuma kabla hujapita na tochi kwenye matairi yote.